Upekuzi wa Hataza Kabla ya Kusajili Uvumbuzi

Jeshi haliingii katika nchi lisiyoijua kabla ya kutanguliza wapelelezi, na polisi mwenye busara hampeleki mtu mahakamani kabla ya kukusanya ushahidi. Kanuni hiyo, ambayo kila askari hufundishwa tangu siku za mwanzo za mafunzo yake, yahusu pia kazi nyingine ambayo haizungumzwi sana kambini, nayo ni kazi ya uvumbuzi.

Katika karakana za magari, katika maghala ya silaha, katika majiko ya kambi na katika vituo vya polisi, wamo watu wenye akili ya ufundi. Mmoja hubuni kifaa cha kuondolea gurudumu lililokwama matopeni. Mwingine hurekebisha jiko likapunguza kuni. Wenzake humsifu na kumshauri akasajili uvumbuzi wake asije akaibiwa. Naye, kwa haraka ya furaha, hutoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya karo ya watoto, akalipa ada, akamlipa na mwandishi wa maombi, kisha akangoja. Baada ya muda mrefu huletewa jibu kwamba kifaa chake kilikwisha kuelezwa na mtu mwingine, katika nchi ya mbali, kabla yeye hajazaliwa. Fedha zimekwenda, wala hakuna aliyemdhulumu. Alichokosa ni upekuzi.

Yafaa kwanza kueleza maana ya hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake bila ya idhini yake. Muda wake wa kawaida ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Naye mvumbuzi, kwa kuipata haki hiyo, hutakiwa kuufafanua uvumbuzi wake hadharani, kwa maneno na kwa michoro, kiasi cha kumwezesha fundi mwingine kuutengeneza. Kwa sababu hiyo maandishi ya hataza si siri. Ni maktaba kubwa iliyo wazi, yenye mamilioni ya hati, na ndiyo maana inaweza kupekuliwa.

Hapa Uganda mambo hayo husimamiwa na Idara ya Huduma za Usajili, URSB, chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2014, iliyochukua nafasi ya sheria ya hataza ya mwaka 1991. Masharti makuu ya kupewa hataza ni matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu isiyo dhahiri kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo, na uweze kutumika katika viwanda au kilimo. Neno linalowapotosha wengi ni hilo la kwanza. Upya haupimwi kwa Kampala wala kwa Uganda peke yake. Hupimwa kwa dunia nzima. Maelezo yaliyochapishwa Japani miaka 50 iliyopita yana nguvu sawasawa na maelezo yaliyochapishwa jana katika gazeti la hapa.

Ili jambo hili lieleweke, na uchukuliwe mfano wa konstebo mmoja wa kubuni. Konstebo huyu ameona kwamba pingu, mfungwa anapozivuta, huzidi kubana na kumuumiza mikono. Akabuni kufuli ya pili ya kuzuia meno ya pingu yasiendelee kukaza, na juu yake akaweka alama inayomwonyesha askari gizani kwamba kufuli hiyo imefungwa. Je, aanzie wapi?

Jambo la kwanza ni kuandika. Katika daftari aeleze ni shida gani anayotaka kuiondoa, kifaa kina sehemu zipi, na kila sehemu yafanya kazi gani. Achore na aweke tarehe. Wakati huo aufunge mdomo wake. Kifaa kikionyeshwa katika maonyesho, au kikiandikwa gazetini kabla ya ombi kuwasilishwa, mvumbuzi mwenyewe aweza kuwa ameuharibu upya wa kazi yake. Ziko nchi zinazosamehe jambo hilo kwa muda maalum, na ziko nchi, kama zile za Ulaya, ambazo kwa kawaida hazisamehi.

Jambo la pili ni kutafuta majina. Kitu kimoja huitwa kwa majina mengi, na hati nyingi za hataza zimeandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za kigeni, tena kwa maneno ya kitaalamu. Mwandishi mmoja ataandika pingu, mwingine vifungo vya mikono, mwingine chombo cha kuzuia viungo vya mtu. Mfano mzuri ni ule wa fulana ya kuzuia risasi. Mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont huko Marekani ndiye aliyegundua, mwaka 1965, kazi iliyozaa nyuzi za Kevlar zinazotumika katika fulana hizo. Hataza yake namba 3,819,587 ya mwaka 1974 ina jina refu la kikemia linalohusu nyuzi za poliamidi. Jina hilo halitaji fulana, halitaji risasi, wala halitaji askari. Mtu atakayetafuta kwa neno fulana peke yake ataipita hati hiyo bila ya kuiona.

Kwa ajili ya shida hiyo mataifa yalipatana juu ya namna moja ya kuzipanga hati zote. Mkataba wake ulitiwa sahihi Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1971, na mpango wenyewe huitwa Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza. Umegawanywa katika sehemu nane, tangu herufi A hadi H. A ni mahitaji ya binadamu, kama kilimo, chakula na tiba. B ni kazi za viwandani na uchukuzi. C ni kemia na madini. D ni nguo na karatasi. E ni ujenzi. F ni mitambo, taa, joto na silaha. G ni fizikia na vipimo. H ni umeme. Chini ya herufi hizo kuna migawanyo midogo ipatayo elfu 70, na kila mmoja una alama yake.

Askari atastaajabu kuona vitu vyake vimewekwa wapi. Mavazi ya kuzuia risasi yako mahali panapotarajiwa, pamoja na silaha, katika alama F41H 1/02. Lakini pingu haziko pamoja na silaha. Ziko katika sehemu ya ujenzi, jirani na kufuli za milango, kwa alama E05B 75/00. Konstebo akiijua alama hiyo, haimlazimu tena kubahatisha maneno. Hati za pingu za Marekani, za Ujerumani, za China na za Korea zitamjia pamoja, hata zile ambazo hajui lugha yake, na michoro yake ataielewa. Njia ya kuipata alama ni rahisi: atafute kwa maneno ya kawaida, apate hati mbili tatu zinazofanana na kifaa chake, atazame alama zilizoandikwa katika ukurasa wa kwanza, kisha atafute upya kwa alama hizo.

Jambo la tatu ni mahali pa kutafuta. Zamani mtu alihitaji kusafiri hadi maktaba za miji mikubwa na kufunua majalada. Siku hizi kompyuta, au hata simu yenye intaneti, yatosha kwa kuanzia. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina hazina iitwayo Espacenet, na Shirika la Dunia la Miliki Bunifu, lenye makao yake Geneva, lina hazina iitwayo Patentscope. Zote mbili hutumika bila ya malipo. Asiyejiweza katika kazi hiyo aweza kuomba msaada katika vituo vya kusaidia teknolojia na uvumbuzi, vilivyowekwa katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti kwa ushirikiano na shirika hilo la Geneva.

Hata hivyo, upekuzi wa mvumbuzi wa Uganda haukamiliki bila ya kuwatazama majirani. Tarehe 9 Desemba 1976 ulitiwa sahihi mjini Lusaka mkataba ulioanzisha shirika ambalo leo huitwa ARIPO, lenye makao yake Harare. Kisha mwaka 1982 ikapatikana Itifaki ya Harare, ambayo kwayo mtu huwasilisha ombi moja na kutaja nchi anazotaka hataza yake iwe na nguvu. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zimo katika itifaki hiyo. Maana yake ni kwamba hataza yenye nguvu ndani ya Uganda yaweza kuwa imetolewa Harare. Mtu atakayechungulia maombi yaliyowasilishwa Kampala peke yake, akaridhika, atakuwa kama mlinzi aliyefunga lango la mbele na kuusahau mlango wa nyuma.

Zaidi ya hayo, kila nchi ina ofisi yake. Kenya ina Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Tanzania Bara ina Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya mwaka 2008. Rwanda kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Maendeleo, RDB. Konstebo anayetumaini kuuza pingu zake Nairobi au Kigali hana budi kujua kwamba hataza iliyoombwa kwa ajili ya Uganda peke yake huishia mpakani.

Jambo la nne, nalo ndilo kiini cha kazi yote, ni kusoma. Hati ya hataza ina ukurasa wa kwanza wenye jina la mvumbuzi, tarehe, nchi na muhtasari. Kisha kuna michoro na maelezo marefu. Mwishoni kwa kawaida kuna vifungu vyenye namba viitwavyo madai. Maelezo huonyesha yaliyokwisha kujulikana. Madai huweka mipaka ya haki ya mwenye hataza, kama vile mawe ya mpaka yanavyoonyesha shamba la mtu linakoishia. Anayesoma muhtasari na kuyaacha madai hajapekua kitu.

Historia ya seng'enge, inayojulikana sana kwa kila askari aliyelinda kambi, yafundisha jambo hilo vizuri. Mwaka 1867 Lucien Smith na William Hunt, wote wa Marekani, walikwisha kupewa hataza za nyua za waya wenye miiba. Mwaka 1868 Michael Kelly alipewa ya kwake. Mwaka 1873, katika maonyesho ya wilaya huko DeKalb, jimbo la Illinois, Henry Rose alionyesha ubao wenye misumari wa kutundikwa kwenye ua. Miongoni mwa waliotazama alikuwamo mkulima Joseph Glidden. Kama angalisema kwamba waya wa miiba umekwisha kuvumbuliwa, akarudi shambani kwake, jina lake lisingejulikana. Yeye aliona upungufu uliobaki: miiba ilitelezateleza na kugeuka juu ya waya. Akauzungushia mwiba waya mmoja, kisha akausokota waya wa pili juu yake ili mwiba ushikwe pahali pake. Tarehe 24 Novemba 1874 alipewa hataza namba 157,124.

Kesi hazikukosekana. Zilifika hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1892 mahakama hiyo ikaithibitisha hataza ya Glidden. Wapinzani wake walileta mashahidi wengi waliodai kwamba waliona ua wa namna hiyo huko Iowa katika miaka ya 1858 na 1859. Mahakama haikuridhika na kumbukumbu za watu za miaka mingi iliyopita zisizo na kitu cha kuzithibitisha. Polisi waliowahi kusimama kizimbani wanajua uzito wa funzo hilo. Maandishi yenye tarehe hushinda maneno ya mdomo.

Basi konstebo asome madai ya kila hati iliyo karibu na kazi yake, na agawanye kifaa chake katika sehemu: meno ya kukaza, kufuli ya pili, alama ya gizani. Mara moja ataona kwamba kufuli ya pili si jambo jipya, kwa maana pingu za namna hiyo zimo mikononi mwa polisi wa nchi nyingi tangu zamani. Tena pingu za meno zinazoweza kupunguzwa au kuongezwa kwa kadiri ya mkono zilikwisha kupewa hataza na W. V. Adams huko Marekani mwaka 1862. Asivunjike moyo. Aulize kuhusu sehemu iliyobaki. Je, iko hati yenye alama ya gizani iliyounganishwa na kufuli kwa namna ile ile? Kama ipo, safari imeishia hapo bila ya hasara. Kama haipo, hapo ndipo penye nafasi ya kuweka madai yake, nayo yawe juu ya jambo hilo dogo, si juu ya pingu nzima.

Kila hati huonyesha pia hati nyingine za zamani zilizotajwa wakati wa uchunguzi wake, na hazina za kompyuta huonyesha hati za baadaye zilizoitaja yenyewe. Mpekuzi afuate alama hizo nyuma na mbele, kama mfuatiliaji anavyofuata nyayo, mpaka hati zile zile zianze kurudi machoni pake. Hiyo ni dalili kwamba sehemu kubwa ya uwanja imekwisha kukaguliwa.

Wala asidhani kwamba hataza pekee ndizo zinazoua upya. Kitabu, gazeti la kisayansi, orodha ya bidhaa, hata desturi ya wazee, vyote vyaweza kuhesabiwa. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Mississippi kilipewa hataza Marekani juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga, likaleta maandishi ya kale na makala ya kitabibu ya mwaka 1953 kuonyesha kwamba dawa hiyo ilijulikana India tangu zamani. Mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. Kilichowaokoa Wahindi ni maandishi. Hilo ni onyo kwa Afrika, ambako maarifa mengi ya dawa na ufundi yamo vichwani mwa wazee na hayajaandikwa.

Upekuzi una mipaka yake, na ni haki kuieleza. Ombi la hataza kwa kawaida hukaa bila ya kutangazwa kwa miezi 18. Kwa hiyo hata mpekuzi hodari hawezi kuona yaliyowasilishwa na wengine katika miezi hiyo ya karibuni. Vile vile, kifaa kuwa kipya si sawa na kuwa huru kukiuza. Alama ya gizani yaweza kuwa mpya, lakini kama kufuli iliyo chini yake ni mali ya hataza ya mtu mwingine ambayo bado ina nguvu nchini, idhini yake itahitajika. Kwa ombi lenye thamani kubwa, mtaalamu wa hataza aulizwe. Mtu aliyekwisha kufanya upekuzi wake mwenyewe humwendea mtaalamu huyo akiwa na maswali yenye maana, na hupunguza gharama.

Upekuzi huo huo una faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Hataza hulinda mahali ilipotolewa tu, na muda wake una mwisho. Yule ambaye hakuomba ulinzi Uganda, wala kwa njia ya Harare, wala kwa njia ya ombi la kimataifa ambalo bado halijaisha muda wake wa kuingia nchini, hawezi kumzuia fundi wa Uganda kukitengeneza na kukitumia kifaa hicho humu nchini. Hataza iliyopitisha miaka 20, au iliyokufa kwa kutolipiwa ada za kila mwaka, ni mali ya wote. Lakini kifaa kikivushwa mpaka kwenda nchi ambayo hataza ingali hai, mambo hubadilika. Kwa hiyo mpekuzi aandike katika daftari lake kila hati, tarehe yake, nchi zake na hali yake, na aithibitishe hali hiyo katika ofisi inayohusika.

Jambo la mwisho lawahusu askari hasa. Uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza kazi ya ajira, kwa kawaida ya sheria, huwa ni wa mwajiri isipokuwa kama kuna mapatano mengine. Tena viko vifaa vya ulinzi ambavyo havifai kutangazwa hata kidogo, hali hataza haina njia ila kutangaza. Askari aliyebuni kitu kwa zana na saa za serikali amwone mkuu wake na afisa wa sheria kabla ya kwenda popote. Kufanya hivyo ni nidhamu, na pia ni kinga kwake mwenyewe.

Wasikilizaji askari wanajua kwamba doria iliyorudi na habari ya kuwa njia imezibwa haikufanya kazi bure. Imeokoa maisha ya kikosi. Kadhalika jioni chache za kupekua hati huweza kuokoa akiba ya miaka, na pengine kumwonyesha fundi njia nyembamba ambayo bado haijapitwa na mtu. Kalamu, daftari na subira ndizo zana za kuanzia. Ada ya usajili na ingojee zamu yake.